Sikio la Kulia

Kinyozi mpya hapa Kenyatta Market
amezima mashine ghafla.
"Mzee, hili sikio liliungua?"

Halikuungua. Lilisagwa.
Miaka kumi na minne, jezi namba moja,
kila Jumamosi skramu ishirini na zaidi,
sikio likisuguana na shavu la mtu
nisiyemjua jina, anayenuka dawa ya kuchua na vitunguu,
hadi likakunjamana hivi, kama andazi
lililokandwa na mtoto.
Zungusha mashine polepole, kijana. Haliumi tena.

Nilikuwa mpakizi, ghala la saruji, Lunga Lunga.
Kocha Nyamweya alikuja kununua mabati,
akanikuta na mifuko miwili begani.
"Unajua kusukuma?"
Nikamwambia kwetu Lugari
mkokoteni ukizama matopeni huitwa mimi.
Hakuuliza kama najua kukimbia.

Kazi yenyewe ni hii: unainama,
mkono wa kulia unamkumbatia Okumbe, namba mbili,
unakamata jezi yake kwapani,
refa anasema inameni, shikaneni,
haya!
na dunia yote inakuwa nyasi na pumzi
na mifupa inayotafuta pa kukaa.
Mpira unapita kati ya miguu yako
kama mgeni wa jirani, hausimami kukusalimu.
Nyuma huko kijana mwepesi anaudaka, huyoo,
jukwaa la Barabara ya Ngong linainuka,
nawe, uso chini, mdomo umejaa udongo,
unajua ni trai kwa kusikia kelele.

Picha ya kombe ilitoka gazetini.
Kiwiko changu kimo.
Mama aliikata, akaibandika juu ya kabati la vyombo,
na kila mgeni alionyeshwa kwa ncha ya kijiko:
kiwiko hiki ni cha mwanangu.

Mara moja tu niliushika.
Mechi na timu ya Nakuru, mvua ya Aprili,
mita mbili kutoka mstarini,
ukanidondokea mikononi kama mtoto wa mtu.
Ningeanguka tu mbele, basi.
Nikageuka kumtafuta Kirwa nimpe.
Alifunga yeye. Wenzangu walicheka mwezi mzima.
Nimeliwaza jambo hilo kuliko ninavyokiri.

Halafu goti. Halafu shingo:
ukiniita kutoka kulia nageuka mzima mzima, kama kabati.
Klabu ilinipa saa ya ukutani.
Huchelewa dakika sita kwa siku.
Sijaipeleka kwa fundi.

Juni hii tulimzika Okumbe, Lang'ata.
Sukari ilikuwa imemla mguu, kisha yeye.
Tulilizunguka jeneza, mbele kwa mbele, nyuma kwa nyuma,
kila mtu akaenda mahali pake bila kuelekezwa.
Mkono wangu wa kulia ukatafuta jezi,
ukakuta mbao.
Tukainama. Tukashikana.
Na hakuna aliyeinua.
Mchungaji akakohoa, wajane wakatutazama,
wazee wanane wenye matumbo na magoti mabovu
tumeinama, kimya,
tunangoja sauti ya refa.

Ndiyo, kulia.
Hata jina lake linajua.
Pitisha hapo nyuma mara moja tena,
kisha uniambie ni shilingi ngapi.