Mkopo Nisiouhitaji

Mara ya kwanza waliniambia sijulikani.
Mimi, Aikaruwa wa mikate,
ninayeamka saa tisa usiku Pasua nzima ikikoroma,
ambaye hata mbwa wa Mzee Kileo hanibwekei tena,
ameinusa hamira kwenye kanga zangu miaka kumi na moja.
Kijana wa benki, jina lake kifuani, Elifuraha,
aligeuza kompyuta nijionee mwenyewe:
jina langu, na mbele yake weupe mtupu,
kama sinia lililopakwa mafuta likasahauliwa unga.

"Huna deni baya, mama," akasema.
"Shida ni kwamba huna deni lolote."

Nikacheka kwa uchungu.
Mama alinilea nisidaiwe hata kibiriti,
alipita mbali na duka la mkopo
kama mtu anayekwepa siafu kihambani.
Leo usafi wake umekuwa doa langu.

Nikatoka. Jua la Januari, mlima uko wazi mpaka mabegani,
na hakuna aliyeuomba kitambulisho.

Wiki mbili nilinuna, na mikate ikajua: iliungua chini.

Kisha nikapanga foleni. Leseni. Namba ya mlipakodi.
Akaunti kwa jina la biashara, si langu,
maana pesa ya mkate ilikuwa inalala kitanda kimoja
na ada ya shule, na mchango wa harusi, na pole ya msiba,
na kukicha hakuna aliyejua mtoto ni wa nani.
Nikanunua daftari kubwa la jalada gumu.
Mama Nderingo, mikate 14, kalipa 10.
Shule ya bweni, 60, watalipa mwisho wa mwezi.
Mikate 3 imeungua, tumekula wenyewe.
Hiyo nayo niliandika.

Halafu nikakopa laki tatu nisizozihitaji.
Nikazifunga kwenye mfuko mtupu wa hamira,
nikaziweka chini ya gunia la ngano,
zikakaa pale kama mgeni asiyetumwa hata maji.
Shemeji akaja, kanusa:
"Nasikia umepata hela."
Nikamwambia, nimepata tarehe.
Kila ishirini na saba nilirudisha kidogo,
na riba nikaitoa jashoni mwangu.
Wengine hununua kitenge. Mimi nilinunua jina.

Aprili ilitaka kunivunja.
Mvua siku tisa, barabara tope, mikate ikarudi na ndoo,
mtoto ana homa, luku imekata.
Siku ya tarehe nilifika benki viatu mkononi,
mlinzi keshashika komeo.
Sijui aliona nini usoni kwangu. Akaniachia upenyo.

Baada ya hapo, milioni. Nayo ikarudi.

Sasa nataka tanuri la gesi, sinia sita kwa mpigo,
na Elifuraha akasema lazima aje aione biashara.
Nikamwambia, ukija saa nne asubuhi utaona makombo.
Njoo ikiwa kazini.
Akaja saa kumi usiku, kajikunyata ndani ya koti,
akahesabu masinia, akafunua daftari
kurasa zenye alama za vidole vyangu vya unga.
Alinyoosha mkono kwenye beseni nikamzuia:
hilo donge liache na kitambaa chake,
ukilifunua kila saa haliumuki.
Akatabasamu. Sikuwa nimemaanisha mkopo.
Labda nilimaanisha.

Wakati wa kuondoka akataka mkate mmoja wa moto.
Sikubali bure, akasema, kazini wanakataza.
Akatoa noti ya elfu kumi. Sina chenji alfajiri.
Basi nikachukua kalamu, nikaandika mbele yake:
Elifuraha, mkate 1, hajalipa.
Akainama kusoma jina lake,
akasimama pale kitambo, mkate unamchoma vidole.

Jibu la tanuri bado liko ghorofani.
Yeye alilipa Ijumaa.