Kopo la Maharagwe

Fomu yangu ina maswali arobaini na mawili.
La kumi na saba hulisoma nikitazama sakafu:
tangu ujue una mimba, umekunywa mara ngapi?

Mukuru, upande wa Viwandani, saa nne asubuhi.
Moshi wa kiwanda umeshaacha ladha ya sarafu ulimini.
Nyaboke ananyonyesha, mtoto ana wiki sita,
na kabla ya kujibu anamtazama Khasoa, mlezi wake,
kama mtu anayetafuta ufunguo
kwenye mfuko wa mwenzake.

Khasoa hana shahada. Ana kopo la maziwa ya unga.
"Kila siku aliyopitisha bila tone, alitia haragwe moja.
Siku aliyokunywa, hakutia. Basi.
Hatukutoa hata moja.
Lililoingia limeingia."

Moyo unanidunda.
Hii ndiyo takwimu wanayoililia ofisini Upper Hill:
siku kwa siku, kwa mkono wa mama mwenyewe.
Naomba tuyahesabu.

Wanaangaliana. Nyaboke anacheka,
mara yangu ya kwanza kumsikia.
"Tuliyapika, dada. Siku niliyotoka Pumwani.
Kwa nyanya mbili za kukopa.
Khasoa alikula. Hata jirani alikula,
yule aliyekuwa akinigongea ukuta kila Ijumaa
twende kwa Mama Pima."

Ushahidi umeliwa.
Naandika: hakuna data.
Nafuta.
Naandika: kopo limeonekana. Ni tupu. Limeoshwa.

Nitapimaje kisichotokea?
Mtoto anakunja ngumi, anaikunjua.
Huenda angeikunja vivyo hivyo. Huenda.
Daktari alituonya kwamba dalili nyingine hujificha
mpaka siku mtoto atakapopewa hesabu za kutoa darasani,
na ripoti yangu inatakiwa Machi.

Alasiri navuka daraja la mbao
kwenda kwa kundi linganishi,
wale ambao kura haikuwaangukia.
Hao tuliwapa kikaratasi:
picha ya chupa iliyopigwa mstari mwekundu
na nambari ya zahanati.

Mwende ana miezi saba.
Swali la kumi na saba analijibu upesi, macho makavu:
"Jana. Na juzi. Nyuma ya hapo sikumbuki."
Kisha anauliza lake, ambalo fomu haikuliachia nafasi:
"Wewe huja kila mwezi kuniuliza.
Wa kuja kuketi nami ataletwa lini?"

Jibu ninalo. Utafiti ukiisha.
Utafiti umebakiza miezi minane.
Yeye amebakiza miwili.

Naiweka kalamu kwenye kiatu changu, mlangoni.
Ananimiminia chai isiyo na sukari.
Tunazungumza juu ya mama yake, Makueni,
juu ya kodi, juu ya mtu aliyeondoka na godoro.
Giza linaingia, bado nimeketi.

Kosa hili nalijua kwa jina.
Nimelifundisha vijana semina nzima,
nikalipigia mstari ubaoni:
kuchafua sampuli.

"Ongeza maji," namwambia, "bado nipo."