Nafasi ya Tatu

Mwalimu Magesa aliandika ubaoni maneno matatu
na sisi, wakagua minofu wa zamu ya mchana,
vidole bado vinanuka sangara na klorini,
tukayasoma kwa ndimi zetu za Igoma na Sengerema:
si. luku. wochi.

Kabula akacheka hadi akashika mbavu.
"Mwalimu, si ni kukataa. Luku ni umeme.
Hiyo ya tatu ni saa ya mkononi.
Sasa kuona kuko wapi?"

Na kweli. Sisi tumezoea ona moja, pana kama kanga.
Nikipanda Bugando kumwona mgonjwa, nimemwona,
hata kama alinigeuzia mgongo akalala.
Tunaona haya, tunaona njaa, tunaona baridi,
na jicho halijaguswa.
Mtu akinichokoza namwambia utakiona,
wala sijawahi kuulizwa hicho "ki" ni kitu gani.

Mwalimu akapuliza chaki.
Kitu kikikujia machoni bila kukiita, alisema, hiyo ya kwanza.
Ukigeuza shingo kwa kusudi, ya pili.
Ya tatu
akaitafuta darini, akaikosa, akaipata:
ya tatu ni kukaa na kitu kinachoweza kubadilika.

Nikaandika. Nikakosea, nikafuta kwa mate.

Kiwandani tuna meza ya kioo, taa iko chini yake.
Mnofu unapita, unang'aa kama karatasi ya maandazi,
nami natafuta doa. Miaka sita.
Fomu ya mkaguzi ni ya Kiingereza,
nami natia vema, natia vema,
sijui nimeapa kwamba jicho langu lilifanya lipi.
Ndiyo maana natoa elfu mbili kila wiki
kuja kukaa kwenye benchi hili la Kirumba.

Zoezi: sentensi tatu, nafasi tatu.
Ndipo giza likashuka, pa!
"Luku!" darasa zima tukapiga kelele,
na kwa mara ya kwanza hatukusahihishwa.

Mtoto wa mwenye nyumba akatumwa dukani.
Tukasogea dirishani kutafuta hewa.
Mwezi haukuwepo; taa za dagaa zilikuwa zimetapakaa ziwani,
sikuwa nimeziita.
Nikageuza shingo, nikazihesabu: kumi na saba, kumi na nane,
nikachoka, nikarudi kukaa.

Kabula hakurudi.
Lugoye wake aliacha shule kidato cha pili,
huu ni mwezi wa tatu yuko kwenye mtumbwi wa watu.
Taa moja, ya kushoto kabisa,
ilizama nyuma ya wimbi, ikatokea,
ikazama.
Yule mcheshi wetu hakutamka neno.
Alishika nondo kama anashika mkono wa mtu.

Tarakimu ishirini zikaja, zikabonyezwa, umeme ukarudi.
Ziwa likatoweka.
Kwenye kioo zikabaki nyuso zetu na ubao uliopinduka,
na Kabula, viganja pembeni mwa macho,
bado anasukuma mwanga nyuma yake.

Nafasi mbili nilizijaza.
Ya tatu nikaiacha ilivyo, nikainuka,
nikazima taa ya upande wa dirisha.

Mwalimu aliniona. Au alinitazama.
Hakusema kitu.