Mize Kaikataa Chai

Marehemu Faki hakuyapa mafaili tarehe.
Aliyaita kwa yaliyomkuta siku ile:
"umeme hakuna", "fundi hakuja",
"mpya", "mpya kabisa", "mpya ya kweli".
Miaka kumi na minne ya visima vya Micheweni,
na programu, kila ikiulizwa,
huanzia mlango wa kwanza, ibishe nyumba kwa nyumba
kama mgeni aliyesahau jina la mwenyeji wake.
Feni inalia. Nakwenda kununua urojo,
narudi, bado inabisha.

Basi jana nikaifundisha kukesha.
Ipite mara moja tu, ofisi ikishafungwa,
isome kila faili hadi tumboni,
iandike pembeni, katika faharasa nyembamba:
neno gani, kisima gani, mwezi gani,
na faili lilipo.
Asubuhi isitafute. Ikumbuke.

Leo hapa Wete, hata mkoba sijautua,
nikaiuliza: Kiuyu, maji yaliharibika lini?
Kidole hakijainuka, jibu limefika.
Si lile faili la vipimo tulilojivunia kwenye ripoti.
Jingine, la mwaka mmoja na nusu nyuma,
mistari mitatu, hamna namba:

"Kiuyu. Mashine yasema maji mazuri.
Nyumbani Mize kaikataa chai.
Nimeionja. Kweli."

Halikuwa limejificha.
Sisi ndio tuliokuwa hatujui pa kugonga.

Mkuu ametuagiza mafaili yote yapewe majina ya kazi.
Nimeshabadilisha mia mbili na kitu.
Hili bado linaitwa "chai".