Isipokuwa

Jumanne jioni, chini ya maktaba ya Thompson, Manitoba.
Nje ni thelathini na moja chini ya sifuri,
magari yamechomekwa waya ukutani yasigande,
nasi sita, mikono ina makovu ya mafuta,
tumebanana kwenye viti vya watoto
tukiogopa karatasi.

Mimi ni Wilbert Spence. Miaka kumi na mmoja
nimewalisha wachimba nikeli, zamu ya mchana na ya usiku.
Nyama naijua kwa kuibonyeza,
mafuta nayajua kwa mlio,
kitunguu huniita kabla hakijaungua.
Lakini mtihani hauna harufu.

Bi Oksana Hrynkiw hatufundishi kupika.
"Kupika mnanishinda," asema, kalamu sikioni.
"Mnaponunua samaki mnaanzaje?"
Jicho, tukamjibu. Kisha matamvua. Bei mwisho.
"Basi mbona swali mnalinunua bila kulitazama?"

La kwanza lilikuwa hili:
*Vyote hivi huwekwa kwenye friji, isipokuwa…*
Nikajibu maziwa.
Nani asiyeweka maziwa kwenye friji?
Nilikuwa na haki, na nilikosa.
Neno moja limejikunja mwisho wa mstari
kama kijiwe ndani ya dengu,
nami nikalitafuna.

"Dengu mnachambua," akasema. "Na swali je?"

Tangu siku hiyo tunachambua.
Mstari chini ya *isipokuwa*,
mstari chini ya *kwanza*, chini ya *angalau*,
jibu la kipumbavu tunalitupa pamoja na maganda,
yanabaki mawili yanayofanana kama chumvi na sukari,
na hapo ndipo unapolamba kidole.

Kisha viazi.
*Unahitaji kilo kumi na mbili za viazi vilivyomenywa.
Asilimia ishirini hupotea kwenye maganda. Utanunua kilo ngapi?*
Nikazidisha, nikapata tisa na nukta sita.
Jovelyn akaniangalia juu ya miwani:
"Wilbert, ukinunua tisa, wewe mwenyewe utalala njaa."
Nikacheka hadi kiti kikalia.
Kambini ningebeba mfuko wa kilo kumi na tano
bila hesabu, bila kufikiri.
Mgongo ulijua jibu. Jicho ndilo liliruka *vilivyomenywa*.

Jovelyn ana safari ndefu kunishinda.
Swali hulipokea kwa Kiingereza,
hulipeleka kwao Iloilo kwa lugha ya mama yake,
hulirudisha likiwa limechoka,
na saa ya ukutani haimsubiri.
Ameanza kuandika maneno kwenye vikaratasi:
kuchemsha, kutokosa, kuchovya katika maji yanayotoka moshi tu.
Amevibandika juu ya sinki, kwenye friji,
na kimoja, anasema, mgongoni mwa mumewe.

Bibi yangu alipika kwa Kikri
na hakuna aliyemuuliza asilimia.
Nilimwambia hivyo Bi Oksana usiku mmoja, kwa hasira.
Hakunibishia. Alisema:
"Angeulizwa, angejua. Wewe ndiye utakayeulizwa."

Mtihani ulikuwa Machi, saa nne mfululizo.
Maswali ya sosi yalikuja kama wageni niliowazoea.
La bajeti ya jiko nililiacha, nikazunguka, nikalirudia,
kama tulivyofundishwa.
Sijui nimepata ngapi. Barua haijafika.

Ila jana, kambini, alfajiri,
nikashika kopo la unga wa sosi ya nyama,
kopo nililolifungua kila siku miaka kumi na mmoja,
nikiumwagia maji moto na kupigana na madonge
huku nikimtukana mwenye kiwanda.
Nikaligeuza. Nikasoma mgongoni,
herufi ndogo kama mbegu za haradali:
*koroga kwanza katika maji baridi.*

*Kwanza.*
Nikatafuta kalamu, nikapiga mstari.