Nane Nukta Mbili

Miaka thelathini na minane nilizika nyaya.
Kutoka Tartu hadi Võru, chini ya barabara,
chini ya mashamba ya watu,
na wakati wa baridi, udongo ulipogoma kabisa,
tuliwasha moto wa kuni juu yake,
tukauota huku tukiungoja uregee,
ndipo tukachimba.
Usiniambie mimi kwamba sauti husafiri bure.

Sasa Leelo, mjukuu wangu, miaka kumi na mmoja,
ameniwekea mezani, kando ya bakuli la supu,
roboti lake: kopo la samaki, magurudumu manne,
taa mbili za kijani badala ya macho,
na mkia wa waya wa mita tatu
anaoufuata nyumba nzima kama mchunga mbuzi.
"Babu, ukate."

Mimi ni muunga nyaya. Kukata
ilikuwa kazi ya vita, na ya panya.

Akafungua kibahasha. Redio mbili,
kila moja sawasawa na stempu ya barua:
hii ya kopo, hii ya mkononi.
"Na waya?" nikauliza.
"Upo. Sentimita nane nukta mbili.
Usizidishe, Babu. Usipunguze."
Nikavaa miwani miwili, mmoja juu ya mwingine,
nikapima mara tatu, nikakata mara moja,
nikausimamisha kwa tone la lehemu
kama unyoya kwenye kofia.
Katika maisha yangu sijatandika njia fupi kuliko hiyo.

Tukabonyeza. Kimya.
Tukabadili betri. Kimya.
Leelo akainamia ubao hadi nywele zikagusa lehemu ya moto,
pakanuka, kisha akacheka:
tulikuwa tumeunga mdomo kwa mdomo, sikio kwa sikio.
Pande zote zinasema, hakuna unaosikia.
"Mdomo wa huyu uende kwenye sikio la yule."
Na Salme, kwenye kiti chake cha dirishani,
Salme ambaye siku hizi hudaka maneno mawili katika matano,
akayadaka hayo yote.
"Nimemwambia hivyo," akasema, "tangu mwaka wa sabini na nne."

Basi likaenda.
Likapita chini ya meza, likamkosa paka kwa unywele,
likazunguka jiko la matofali
na huko nyuma, penye mlango wa chuma, likatulia tuli.
"Limekufa," nikasema.
"Halijafa. Nimeliagiza:
usiposikia kitu kwa sekunde moja, simama."

Sikujibu. Nimewajua wanaume,
wengine wakiwa wasimamizi wangu,
ambao walipoacha kusikia ndipo walipoongeza mwendo.

Jumapili tukalitoa nje, kwenye theluji.
Kwetu mitaa ina majina ya mboga;
likateremka Mtaa wa Viazi likiacha mistari minne,
likapita uzio wa jirani, nguzo ya kwanza, ya pili, ya tatu,
likawa nukta. Nukta ikasimama.
Leelo alikuwa na kandambili miguuni, mtoto huyu,
kwa hiyo nikakichukua kidhibiti nikaenda mimi.

Nilikuwa nikibonyeza kila hatua.
Unanisikia? Hakuna.
Unanisikia?
Kazi ya zamani, swali la zamani,
ila safari hii sikuwa na koleo.
Karibu na nguzo ya tatu macho ya kijani yakawaka.
Nikarudi nyuma hatua moja: giza.
Nikasogea hatua moja: yakawaka.
Nikafanya hivyo mara nyingi kuliko ilivyohitajika,
mzee mzima, peke yangu barabarani,
nikienda na kurudi mbele ya kopo la samaki.

Leelo akapiga kelele kutoka mlangoni kwamba supu inapoa.

Jioni ile nilinyanyua kiti changu
nikakisogeza upande wa dirisha.
Si mbali. Upana wa kiatu, labda viwili.
Salme akaniangalia.
"Umesema nini?" akauliza.
Nilikuwa bado sijasema.