Futi Kumi na Nne

Chumba chetu Kariobangi ni futi kumi kwa kumi.
Kutoka pembe ya mlango hadi pembe ya jiko
ni futi kumi na nne, na inchi moja na kitu.
Urefu wa chombo sikuuchagua mimi.
Ulibaki wenyewe
nilipokisimamisha kitanda ukutani
na Nyaboke akauliza, "Na sisi?"

Sisi tulilala chini yake, Aprili nzima,
mkuku ukiwa ndio dari,
unga wa mbao ukiingia kwenye unga wa ugali
hata Ombese akawa anautambua kwa ulimi:
"Leo ni msonobari."

Plaiwudi nilinunua Gikomba kwa Syombua,
aliyeigonga kwa kidole kama anayechagua tikiti.
"Hii ni ya dari. Unajenga?"
Nikasema najenga.

Kisha nikaishona. Ndiyo, kushona:
tundu kila baada ya inchi nne,
uzi wake waya wa shaba
niliouchomoa kwenye mota iliyoungua ya mashine ya kusagia.
Nikavuta, nikasokota kwa koleo,
na mbao zilizokuwa bapa kama barua ya kufukuzwa kazi
zikainuka, zikajipinda,
zikapata tumbo.

Nikaweka pimamaji juu ya mkuku.
Kiputo kikayumba, kikatulia katikati:
maji ya kwanza chombo hiki kuyaona,
kijiko kimoja, ndani ya kioo.

Muthike, msimamizi wa ploti, alisimama mlangoni.
"Fundi, tangu lini jeneza likawa na ncha mbili?"
"Marehemu hakujua anakoelekea."
Aliondoka bila kudai pesa za stima.

Kasia ni mvule, mabaki ya kitanda cha arusi
nilichomchongea mtu wa Buruburu.
Randa, kisha tupa, kisha msasa, kisha kiganja,
kwa maana kiganja ndicho kinachojua.
Fulana ya kuokolea: chupa kumi na mbili za soda, tupu,
zimeshonewa ndani ya koti la Nyaboke la shule.
Sketi ya kuzuia maji ilikuwa mwavuli
hadi upepo ulipouvunja mbavu.
Na kopo la kukumbia maji
lilikuwa ngoma ya Ombese. Sikumwomba ruhusa.

Gundi ikakauka. Siku ya kutoa ikafika.

Korido yetu ina upana wa mita moja
na futi kumi na nne hazikunji kona.
Tukatanguliza tezi. Tukatanguliza omo.
Wahenga walisema ukienda tezi na omo
marejeo ni ngamani;
hiki hakina ngama, kina shimo la makalio tu.
Nikaingia humo nikakaa, katikati ya nyumba,
nikaupima mlango mara sita
kana kwamba ungeongezeka kwa huruma.

Pima mara mbili, kata mara moja:
nimewafunza hivyo vijana wanne.

Nyaboke ndiye aliyeleta msumeno.
Hakusema neno. Alishika omo kwa mikono miwili
kama ashikaye kichwa cha mtoto anayenyolewa.

Nikakata.

Sasa ni nusu mbili,
kila moja na ukuta wake,
bolti sita, na mpira wa tyubu ya baiskeli katikati.
Zilishuka ghorofa tatu mabegani mwetu
na Muthike akavua kofia.

Jumapili, Bwawa la Nairobi.
Magugumaji yametanda hadi ng'ambo,
kijani kibichi, ungedhani utapiga mpira juu yake.
Harufu siisemi.
Tulizunguka ukingo na mkokoteni hadi saa sita
tukapata mwanya mmoja wa maji matupu,
upana wake, nakadiria kwa jicho la fundi,
futi kumi kwa kumi.

Nikaingia pembe kwa pembe.
Kilielea.
Nilipiga kasia mara mbili mbele, mara mbili nyuma,
Nyaboke akicheka hadi akakaa kwenye tope.

Bolti ya nne inavuja.
Ombese anataka kopo lake.